Windows 11 au Linux Mint: ipi utaimudu siku kompyuta ikigoma?

Tangu Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi kompyuta wanaulizwa swali moja kila siku: nihamie wapi? Wengi wetu tunatumia kompyuta mpakato zilizofanya kazi maofisini Ulaya miaka kadhaa kabla ya kufika hapa. HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad: mashine ngumu, chaja zake zinapatikana na vipuri vyake havisumbui. Ila nyingi kati ya hizo Windows 11 haizitaki.

Anayelinganisha mifumo kwa kawaida huanza na sura: menyu imekaa wapi, madirisha yana kona za duara au hayana. Hayo utayazoea upende usipende. Mimi naipima mifumo hii kwa siku ya kugoma, waifai inapopotea, sasisho linapoharibu kitu kilichokuwa kizima, au mashine inapowaka na kuishia kwenye skrini nyeusi huku mteja anasubiri kazi yake. Siku hiyo unahitaji kujua uanzie wapi, utatumia bando kiasi gani, na mafaili yako yatakuwa salama au la.

Msimamo wangu ni huu. Kama kompyuta yako inakubalika rasmi na Windows 11 na kazi yako inategemea programu za Windows, nenda Windows 11. Kama haikubaliki, usiilazimishe; weka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure usio wa Microsoft. Pande zote mbili zina mahali zitakapokuudhi, na afadhali upajue kabla.

Prosesa ndiyo inayoamua

Windows 11 inataka RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na Secure Boot, kinga ya wakati mashine inawaka. Hayo mashine nyingi za ofisini zinaweza kuyatimiza. Zinapokwama ni kwenye prosesa: upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, ukiondoa chache mno za kizazi cha saba, na upande wa AMD inaanzia Ryzen za mfululizo wa 2000. Fungua Settings, ingia System, kisha About, usome jina la prosesa. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi, yaani cha sita. Ukiona i5-8350U, hicho ni cha nane, umepita.

Unaponunua, usiridhike na jina la modeli. EliteBook 840 G3 ni kizazi cha sita, hilo halina mjadala. Lakini ThinkPad T480, ambayo wauzaji hupenda kusema "hii inapiga Windows 11 bila shida", ilitoka pia na prosesa za kizazi cha saba. Mwambie muuzaji aiwashe usome mwenyewe.

Zipo njia za kuyaruka masharti haya. Programu ya Rufus inatengeneza flashi ya Windows 11 isiyoulizia TPM wala prosesa, na mashine itawaka na kufanya kazi. Lakini Microsoft wamesema wazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haihakikishiwi masasisho, hata yale ya usalama. Na toleo kubwa la mwaka likitoka, kwa kawaida halikufikii lenyewe; itabidi urudie kazi ya flashi kwa mkono. Kwa fundi si neno. Kwa mwalimu au mwenye duka la steshenari ni kujipa kibarua cha kila mwaka.

Linux Mint 22, iliyotoka mwaka 2024, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, na itahudumiwa hadi 2029. Kima chake cha chini ni RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 20, ingawa wenyewe wanashauri GB 4 na GB 100. Kizazi cha prosesa haiulizi. Kwa vitendo, Windows 11 kwenye RAM ya GB 4 ni mateso, hesabu GB 8 ndipo upumue. Mint kwenye GB 4 inakwenda, mradi usifungue kurasa thelathini za kivinjari kwa mpigo. Hapo hakuna mfumo utakaokuokoa.

Nani abaki na Windows 10? Anayehitaji muda tu. Microsoft walifungua mpango wa masasisho ya usalama ya ziada kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, wa kulipia au wa bure kwa atakayehifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft. Hiyo ni nafasi ya kujipanga, si makazi.

Kujaribu kabla ya kununua kesi

Hapa Mint inaishinda Windows kwa mbali, na nashangaa jambo hili halitajwi kwanza. Faili la Mint ni karibu GB 3. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus au balenaEtcher, zima kompyuta, iwashe ukibonyeza F9 kwa HP au F12 kwa Dell na ThinkPad, chagua flashi. Mint itafunguka nzima kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Unganisha waifai, cheza video usikie sauti, washa kamera, chomeka printa uchapishe ukurasa mmoja, funga kifuniko uone kama inalala na kuamka. Kila kinachokubali hapo kwa kawaida kitakubali baada ya kuisimika. Kinachogoma umekijua bila kupoteza kitu. Ila usiuhukumu mwendo wake, maana flashi ni ya polepole kuliko diski.

Windows 11 haina kitu kama hicho. Faili lake linazidi GB 5, na utajua kinachogoma baada ya kuisimika.

Waifai haipo

Hili ndilo tatizo la kwanza la mfumo mpya wowote, na linauma kwa sababu dawa yake iko intaneti. Windows 11 ina kero ya ziada: wakati wa kuanza inataka intaneti na akaunti ya Microsoft, kwa hiyo ikikosa draiva ya waifai (programu ya kukiendesha kifaa hicho) unakwama mlangoni kabisa. Mint husimikwa hadi mwisho bila mtandao wowote. Ugomvi wake mkubwa wa waifai ni chipu za Broadcom, ambazo zimo kwenye baadhi ya kompyuta, hasa MacBook za zamani. Ukishapata mtandao kwa njia nyingine, fungua Driver Manager, itakuonyesha draiva inayofaa, unaikubali, unazima na kuwasha.

Mtandao wa njia nyingine ni simu yako. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB kwenye mipangilio ya simu, na mifumo yote miwili kwa kawaida itaitambua bila draiva ya ziada. Waya huu umeokoa kazi nyingi kuliko programu yoyote ya "kutafuta draiva". Hizo programu za kutafuta draiva, kwa njia, achana nazo. Nyingi huingia na wageni usiowaalika.

Masasisho na bando lako

Anayetumia intaneti ya ofisini hawezi kuelewa kwa nini sehemu hii naiandika kwa hasira kidogo. Windows 11 ikiachwa ilivyo hushusha masasisho yenyewe, na unaweza kulala na bando la wiki ukaamka na ujumbe wa mtandao wa simu kwamba limeisha. Inadhibitika, ila lazima uanze wewe. Ingia Settings, Network & internet, fungua sifa za waifai unayotumia, washa Metered connection. Mpangilio huo ni wa mtandao mmoja mmoja, kwa hiyo ukihamia simu nyingine ya kugawa intaneti, urudie. Kisha kwenye Windows Update, chini ya Advanced options, ingia Delivery Optimization uzime ruhusa ya kompyuta yako kugawia nyingine vipande vya masasisho. Unaweza pia kusimamisha masasisho hadi wiki tano, lakini zikiisha itakudai yote.

Mint inakwenda kistaarabu zaidi. Ngao ndogo hukaa kwenye kona ya skrini ikikuambia masasisho yapo. Ukiifungua unaona orodha, na chini yake jumla ya ukubwa wa ulivyochagua. Unachagua: ya usalama leo, LibreOffice Jumapili ukipata waifai ya jirani. Haishushi mpaka uiamuru, isipokuwa uwe umeiwasha mwenyewe ijisasishe. Hatari yake ni ya upande wa pili: watu huipuuza ngao hiyo mpaka kivinjari kinabaki na matundu ya usalama ya mwaka jana. Uhuru huo unamfaa mtu anayekumbuka.

Sasisho limeharibu, mashine haiwaki

Kwenye Windows 11, ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, hujipeleka yenyewe kwenye skrini ya uokoaji. Pale kuna mambo manne ya maana: Startup Repair, kuondoa sasisho la mwisho, kurudi kwenye nukta ya System Restore (hali ya mfumo iliyohifadhiwa nyuma), na kuingia Safe Mode, ambako Windows huwaka na vya lazima tu. Anza na kuondoa sasisho kama shida ilikuja baada yake. System Restore inafaa sana pale ilipokuwa imewashwa, na mara nyingi utakuta haikuwashwa, iwashe leo.

Ikishindikana yote, ipo Reset this PC, yenye chaguo la kuacha mafaili yako na kufuta programu. Inakuuliza pia ichukue mfumo wapi: kutoka mtandaoni au kutoka kwenye diski yenyewe. Chagua diski kwanza, maana njia ya mtandaoni inaweza kumeza zaidi ya GB 4. Na hata ukichagua kuacha mafaili, yahamishe kwanza kwenye diski ya nje kama bado unaweza kuyafikia.

Mint ina Timeshift, na hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote ndani yake. Inapiga picha ya mfumo mzima, siyo picha ya skrini, bali hali ya mafaili yote ya mfumo kwa wakati huo, na siku ya balaa unairudisha mashine ilivyokuwa jana. Hata kama haiwaki kabisa, unawasha kwa ileile flashi ya kusimikia, unafungua Timeshift kutoka humo, unaielekeza kwenye diski, unarudisha. Haitumii bando hata kidogo. Masharti yake mawili: lazima uiweke sawa wewe mwenyewe baada ya kusimika, kwa hiyo fungua dirisha la makaribisho ufanye hivyo siku ya kwanza, na kwa kawaida haigusi nyaraka zako. Inarudisha mfumo, hairudishi tasnifu uliyofuta.

Kuna njia nyepesi zaidi ambayo wengi hawaijui. Sasisho la kiini cha Linux likigoma na mashine yako, kile cha zamani huwa bado kipo kwenye diski. Washa ukishikilia Shift, au ukigusa Esc, hadi menyu ya GRUB, ya kuchagua cha kuwasha, itokee. Ingia Advanced options, chagua toleo la nyuma. Mara nyingi mashine inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea, nawe unasubiri sasisho jingine lirekebishe.

Namba 48 na barua pepe ya fundi

Hili halina budi kusemwa polepole. Kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 iliyosimikwa upya na kufunguliwa kwa akaunti ya Microsoft kwa kawaida hufunga diski kwa BitLocker bila kukuuliza. Ni ulinzi mzuri, mwizi hatasoma kitu. Lakini ukibadilisha mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), au bodi mama ikaungua na kubadilishwa, itakuamkia ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kufungua kompyuta.

Sasa jiulize akaunti hiyo ni ya nani. Hapa kwetu mtu hupeleka kompyuta kwa fundi, fundi anaikuta inadai akaunti, anatumia barua pepe yake, au anatengeneza mpya na kuisahau. Miezi ikipita, ufunguo wa diski yako uko kwa mtu uliyemlipa elfu ishirini na huna namba yake tena. Kabla hujatoka dukani, ingia kwa akaunti yako mwenyewe, fungua ukurasa wa vifaa vyako kwenye tovuti ya Microsoft, tafuta ufunguo, uandike kwenye karatasi. Diski iliyofungwa kwa BitLocker bila ufunguo haina mjuzi wa kuifungua.

Mint inakuuliza wakati wa kusimika kama unataka kufunga diski. Usipochagua, haifungwi. Ukichagua, neno la siri ni lako peke yako na halihifadhiwi popote mtandaoni, ukilisahau, yameisha. Kwa kompyuta inayosafiri kwenye daladala ningeifunga. Ya mezani nyumbani, hiari yako.

Kuuliza mashine inaumwa nini

Windows ina zana nzuri iliyofichwa: andika Reliability kwenye kisanduku cha kutafuta, fungua View reliability history. Utaona kalenda ya kila kilichoanguka na siku kilipoanguka. Kama alama nyekundu zilianza siku uliyoweka programu fulani, umeshapata mshukiwa. Mashine ikiwa nzito, Task Manager hufunguka kwa Ctrl, Shift na Esc. Tazama safu ya Startup apps uzime vinavyojiwasha bila kazi. Mafaili ya mfumo yakishukiwa, fungua Terminal, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi uandike sfc /scannow, uiache imalize.

Kwenye Mint, System Reports (toleo la 22.3 linaiita System Information) hukuandalia taarifa ya vifaa vyote vya mashine, tayari kumtumia anayekusaidia. Kwa wasioogopa kuandika amri, journalctl -b -1 huonyesha yaliyotokea mashine ilipowaka mara iliyopita, kwa hiyo unaweza kusoma dakika za mwisho kabla haijaganda. Ujumbe wa Linux ni mrefu na wa kutisha, lakini aghalabu unataja kilichokufa kwa jina. Windows hupenda kukupa namba ya kuitafutia maana.

Upande wa msaada wa binadamu, Windows inashinda bila kutoka jasho. Fundi wa Windows yuko kila mtaa. Wa Linux utamtafuta, na maelezo mengi mtandaoni ni ya Kiingereza. Kama huna mtu wa karibu anayeijua Mint na wewe mwenyewe hupendi kusoma, jambo hilo lina uzito kuliko yote niliyosema juu.

Vitu vya kugundua

Windows 11: vitufe vya Windows na Z hukupa mipangilio ya kuyapanga madirisha kwenye skrini; Windows na V hukumbuka vitu kadhaa ulivyonakili, siyo kimoja; File Explorer sasa ina vichupo kama kivinjari. Mint: Ctrl, Alt na mshale wa juu hukuonyesha meza zako zote za kazi, Warpinator hutuma mafaili kati ya kompyuta zilizo kwenye waifai moja bila intaneti, nayo ni dawa ya flashi zenye virusi; toleo la 22.2 limeleta Fingwit ya kufungulia mashine kwa kidole. WhatsApp haina programu rasmi ya Linux, ila Web Apps ya Mint hugeuza WhatsApp Web kuwa dirisha lake lenyewe.

LibreOffice inakuja ndani ya Mint. Ni mtoto wa OpenOffice, ileile ambayo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliitoa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Kwa barua, ripoti na hesabu za kawaida inatosha. Kwa faili la Excel lenye makro, au hati ya Word iliyopangwa kwa umaridadi na watu watano wanaotumiana, utapata mpangilio ukiruka.

Na hapo ndipo Mint inaposhindwa moja kwa moja. Photoshop, AutoCAD, ArchiCAD na QuickBooks ya kusimika hazina toleo la Linux. Programu nyingi za mauzo dukani zimeandikwa kwa Windows. Printa za HP kwa kawaida huingia zenyewe. Za Canon ndogo za leza mara nyingi hudai draiva ya kushusha. Kama mkate wako uko kwenye mojawapo ya programu hizo, mjadala umekwisha, nunua mashine ya kizazi cha nane.

ChromeOS Flex ya Google naitaja kwa ufupi. Ni ya bure, inataka RAM ya GB 4, na inajaribiwa kwa flashi kama Mint. Haikubali programu za Play Store, na bila intaneti inabaki na kazi chache. Kwa mwanafunzi mwenye waifai ya uhakika ni sawa. Kwa mtu wa bando, hapana.

Ukiweka yote mawili

Inawezekana Windows ikabaki na Mint ikakaa pembeni yake, na kisimikishi cha Mint kinakuachia chaguo hilo. Anza na Windows, kisha Mint. Kabla hujaanza, nakili mafaili nje, hakikisha ufunguo wa BitLocker unao, na zima Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme ya Control Panel. Usipoizima, Windows haiachilii diski kikamilifu inapozimwa, na Mint itakuruhusu kusoma mafaili yake bila kuyaandika.

Halafu utaona saa ya Windows iko nyuma kwa saa tatu kila utokapo Mint. Betri ya bodi mama ni nzima, usiibadilishe. Mint huweka saa ya mashine kwa majira ya kimataifa, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Fungua terminal ya Mint, andika timedatectl set-local-rtc 1, toa neno la siri, kisha irekebishe saa ya Windows mara moja.